Maisha ya Duke Ellington, Mwenye Bendi

Nimeombwa nilete habari za mtu mmoja mashuhuri katika kurasa zetu za Kiswahili, nami nimemchagua mpiga piano. Najua wengine wenu mlitazamia mfalme au jemadari. Lakini shule yetu ina bendi, na kila mwaka vijana wanaotoka hapa huenda mjini wakaanzisha bendi zao, na bendi hizo huvunjika kabla ngozi za ngoma hazijachakaa. Mtu huyu aliongoza bendi moja kwa miaka hamsini hivi, mpaka kufa kwake, ingawa ilikuwapo miaka ambayo hesabu ya fedha ilimtaka aivunje. Jina lake ni Duke Ellington.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili, 1899, mjini Washington, makao makuu ya serikali ya Marekani, akaitwa Edward Kennedy Ellington. Baba yake, James Edward, alikuwa mtumishi katika nyumba ya daktari mmoja, kazi yake kuandika meza na kupokea wageni, na pengine aliitwa kusaidia karamu katika Ikulu ya Rais. Likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia. Mama yake, Daisy, alikuwa mwanamke wa heshima na ibada. Wote wawili walijua kupiga piano. Hawakuwa matajiri, lakini baba aliwalisha na kuwavika watu wake kama mtu mwenye mali, na mwana akakua akijiona si duni kwa mtu ye yote.

Alipelekwa mapema kwa mwalimu wa piano, Bibi Marietta Clinkscales, lakini hakufaidi sana. Moyo wake ulikuwa katika mchezo wa besiboli, na ili aweze kuingia uwanjani akatazame, alifanya kazi ya kuuza karanga. Rafiki yake mmoja, kwa kuona anavyovaa na anavyotembea, akampa jina la Duke, ambalo kwa Kizungu ni cheo cha mtu mkubwa aliye chini ya mfalme. Jina likamganda.

Mapenzi ya piano yalimwingia alipokuwa kijana. Ilikuwako nyumba moja ya kuchezea biliadi, ya mtu aliyeitwa Frank Holiday, na huko ndiko walikokutana wapigaji wa mji. Wengine walikuwa wamesoma muziki vyuoni, wengine walipiga kwa sikio tu. Duke alisimama karibu nao akatazama vidole vyao. Mnamo mwaka 1914, akiwa mtumishi wa duka la soda, akatunga wimbo wake wa kwanza. Hakujua kuuandika, akauhifadhi kichwani. Tena aliupiga mara kwa mwendo wa haraka, mara kwa mwendo wa polepole, na wasikilizaji wakadhani ni nyimbo mbalimbali.

Alikuwa pia fundi wa kuchora. Alipata nafasi ya kwenda kusomea uchoraji Brooklyn, asiitwae; na mwaka 1917 akaacha shule miezi michache kabla ya kumaliza, jambo ambalo siwasifii ninyi mlio madarasani. Akaanza kazi ya kuandika vibao vya matangazo. Mtu akija kutaka tangazo la dansi, Duke alimuuliza kama amekwisha pata wapigaji. Asipokuwa nao, bendi ilikuwa tayari. Na mtu akija kukodi bendi, aliulizwa ni nani atakayemwandikia tangazo lake. Hivyo alikula kwa mikono miwili.

Mwaka 1918 akaoa, na mwaka 1919 akapata mtoto wa kiume, Mercer, ambaye siku za mwisho alikuja kuwa mshika hesabu na mpiga tarumbeta wa bendi ya baba yake. Mwaka 1923 Duke na wenzake wakahamia New York. Mwanzo njaa iliwauma, kama inavyowauma wote wanaoingia mji mkubwa bila mwenyeji. Lakini tarehe 4 Desemba, 1927, wakaanza kazi katika nyumba ya dansi iliyoitwa Cotton Club, katika mtaa wa Harlem. Mahali pale palikuwa pa ajabu. Harlem ulikuwa mtaa wa watu weusi. Wapigaji, waimbaji na wachezaji wa Cotton Club wote walikuwa weusi. Lakini walioruhusiwa kukaa kwenye meza na kutazama walikuwa Wazungu. Wenye nyumba walikuwa wauzaji wa pombe ya magendo, maana miaka ile pombe ilikatazwa na sheria Marekani. Muziki ukatangazwa kwa redio usiku kwa usiku, na watu wa miji ya mbali, weusi kwa weupe, wakalijua jina la Ellington kabla hawajamwona uso.

Sasa nataka kueleza kazi yake ilivyokuwa, maana hapa ndipo alipopita wengine. Watungaji wengi huandika muziki kwa ajili ya tarumbeta, au kwa ajili ya saksafoni; ye yote atakayeishika chombo hicho ataupiga. Ellington aliandika kwa ajili ya mtu. Alimjua kila mmoja wa watu wake, sauti yake iko wapi nzuri, iko wapi mbaya, na kama amegombana na mkewe. Bubber Miley alikuwa na ufundi wa kushika kile kipira cha kuzibulia sinki mbele ya mdomo wa tarumbeta, akilifungua na kulifunga, hata chombo kikanguruma na kulia kama mtu. Mwalimu wa muziki wa kanisani angemkemea. Ellington akamtungia nyimbo zilizohitaji mngurumo ule ule. Katika “Mood Indigo” ya mwaka 1930 alitumia tarumbeta, tromboni na klarineti, vyombo vitatu vya kawaida, lakini akaipa tromboni sauti ya juu na klarineti sauti ya chini kabisa, kinyume cha desturi, na matokeo yake ni sauti ambayo wapigaji wa siku zile walishindwa kuitambua ni ya chombo gani.

Basi kwa kuwa aliandika kwa ajili ya watu, aliwahitaji watu wale wale. Harry Carney, mpiga saksafoni ya baritoni, aliingia bendini mwaka 1927 akiwa na miaka 17. Johnny Hodges, mpiga saksafoni ya alto, aliingia mwaka 1928. Mwaka 1939 akaja kijana mpole, Billy Strayhorn, mtungaji, naye akawa kama mkono wa pili wa Duke. “Take the A Train”, wimbo uliotambulisha bendi kila mahali, ni kazi ya Strayhorn wala si ya Ellington.

Walisafiri mno. Walifika Uingereza na Ufaransa mwaka 1933, wakapokewa kwa heshima. Lakini katika majimbo ya kusini ya nchi yao wenyewe hoteli nyingi hazikuwapokea watu weusi, wala vyumba vya chakula. Ellington hakupiga kelele. Alikodi mabehewa mawili ya kulala na moja la mizigo, yakafungwa kwenye garimoshi, na kila walipofika mjini mabehewa yakaachwa stesheni, nao wakalala humo na kula humo. Asubuhi watu wa mji walikuja kutazama ni wakubwa gani wanaosafiri hivyo. Wako waliomlaumu kwamba angesema kwa sauti kubwa zaidi. Mimi naona kila mtu ana silaha yake, na adabu pia yaweza kuwa silaha.

Lakini sipendi kumsifu mtu mpaka akawa malaika. Nyimbo zake nyingine zilianza na vipande vidogo ambavyo watu wake walivipiga kwa kujifurahisha. Duke alivisikia, akavikuza, akavitia jina lake. Pengine alilipa kitu kidogo, pengine mwenye kipande aliona amedhulumiwa. Johnny Hodges alikuwa na mzaha mkali. Duke alipopiga wimbo wa namna hiyo jukwaani, Hodges alimgeukia akafanya vidole kama mtu anayehesabu noti. Duke alitazama pembeni, akaendelea kupiga. Mtu mwingine angemfukuza Hodges usiku ule ule. Yeye alijua kwamba bila saksafoni ile nusu ya nyimbo zake haina mwimbaji.

Tarehe 23 Januari, 1943, alipiga katika ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall, New York, muziki mrefu wa dakika 45 hivi, “Black, Brown and Beige”, unaosimulia historia ya watu weusi wa Marekani tangu utumwa. Wajuzi wengi wa magazeti hawakuupenda, wakasema ni afadhali arudi kwenye dansi. Maneno yale yalimchoma, nadhani kuliko alivyokubali kuonyesha.

Kisha zikaja siku mbaya. Baada ya vita kuu ya pili watu waliacha bendi kubwa. Waimbaji wa pekee ndio waliotakiwa, na wenye kumbi wakaona wapigaji wanne ni rahisi kuliko kumi na tano. Bendi kubwa moja baada ya nyingine zikafa. Mwaka 1951 Hodges akaondoka, pamoja na Lawrence Brown wa tromboni na Sonny Greer wa ngoma. Na Greer alikuwa naye tangu siku za Washington! Wasiojua husema kuongoza bendi ni kusimama mbele na kutikisa fimbo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nimewahi kutunza daftari la bendi ndogo ya watu saba, na mwenye ukumbi mmoja alipokawia kutulipa kwa wiki tatu, wawili walihama na mmoja akauza gitaa. Ellington alikuwa na watu wapatao kumi na tano wa kulipwa kila juma, kazi iwepo isiwepo. Alichofanya ni kuchukua fedha za haki ya utungaji, zile alizolipwa kila nyimbo zake zilipopigwa na watu wengine, akazitia katika mishahara. Kwa maneno mengine, Ellington mtungaji alimlisha Ellington mwenye bendi. Katika kiangazi cha mwaka 1955 bendi ile iliyopiga Carnegie Hall ilikuwa New York ikipiga muziki wa kusindikiza michezo ya waogeleaji. Hodges alirudi mwaka huo huo, lakini magazeti yalikwisha andika kwamba Duke ni mtu wa zamani.

Newport ni mji wa pwani katika jimbo la Rhode Island, ambako matajiri wa New York walijenga majumba ya kupumzikia wakati wa joto. Mwaka 1954 mpiga piano mmoja, George Wein, kwa fedha za akina Lorillard, matajiri wa mji huo, alianzisha hapo tamasha la muziki wa jazz la kila mwaka, nje uwanjani. Kwetu Afrika ya Mashariki na Kongo neno hili jazz lilikuwa limekwisha kuwa jina la bendi za dansi, ingawa zilipiga mambo mengine. Dar es Salaam Jazz ni ya zamani, na OK Jazz ya Franco ilizaliwa Léopoldville, ambayo ndiyo Kinshasa, tarehe 6 Juni, 1956, mwezi mmoja tu kabla ya usiku ninaotaka kuusimulia.

Ulikuwa usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Julai, 1956, siku ya mwisho ya tamasha. Bendi ya Ellington ilipanda jukwaani mapema, lakini wapigaji wanne walikuwa hawajafika. Wakapiga nyimbo chache, wakashuka. Wakapigiwa wengine, na Duke akangoja kwa muda wa saa tatu hivi. Alipoitwa tena ilikuwa karibu na saa sita ya usiku, na watu wameanza kukusanya vitu vyao waende nyumbani. Alinung'unika kwamba wamewekwa mwisho kama wanyama wa sarakasi. Nadhani aliyekuwa na miaka 57, aliyesikia kila siku kwamba zamani zake zimepita, alikuwa na haki ya kunung'unika kidogo.

Kwanza wakapiga kazi mpya waliyoitunga yeye na Strayhorn kwa ajili ya tamasha lile. Watu wakapiga makofi ya adabu. Ndipo Duke akataka wimbo wa zamani wa mwaka 1937, “Diminuendo and Crescendo in Blue”, ambao ni nyimbo mbili zilizoungwa. Katikati, mahali pa kuungana, aliacha nafasi ya mtu mmoja kupiga peke yake, apige kwa kadiri apendavyo. Mtu huyo alikuwa Paul Gonsalves, mpiga saksafoni ya tena. Huyu Gonsalves wazazi wake walitoka visiwa vya Cape Verde, vilivyo mbele ya pwani ya Afrika ya Magharibi. Aliingia bendini mwaka 1950, mtu mnyenyekevu, mpenda kinywaji kuliko ilivyompasa, tena si yeye aliyekuwa nyota wa bendi.

Gonsalves akasimama mbele, akafumba macho, akaanza. Muziki wa bluzi huenda kwa mizunguko, kila mzunguko vipimo kumi na viwili, halafu hurudi mwanzo. Nyuma yake palikuwa na ngoma, fidla kubwa ya besi, na piano ya Duke ikidonoa hapa na pale, basi. Alipofika mzunguko wa sita au wa saba, mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi aliruka kutoka kiti chake cha mbele akaanza kucheza peke yake. Watu wakasimama kumtazama, kisha na wao wakacheza. Pembeni mwa jukwaa alikuwako Jo Jones, aliyekuwa zamani mpiga ngoma wa bendi ya Count Basie, naye akakunja gazeti akawa analipiga kwa mapigo yale yale, akiwatia moyo. Waliokuwa wamefika malangoni wakarudi mbio. Duke alimpigia kelele Gonsalves aendelee. Akaendelea mizunguko 27, wala hakurudi nyuma hata mmoja. Kisha bendi nzima ikaingia kwa kishindo, na uwanja ukawa kama umewaka moto.

Wein akaogopa kwamba watu watafanya ghasia, akamtaka Duke amalize. Duke hakukubali, na hapa naona akili ya mzee. Alijua ukiwazima watu ghafula ndipo wanapovunja viti. Akamwita Johnny Hodges, yule yule wa kuhesabu noti, apige nyimbo za taratibu, na saksafoni yake tamu ikawashusha pumzi. Baadaye wakapiga tena kidogo, Duke akawaaga, watu wakaenda zao salama.

Tarehe 20 Agosti, 1956, picha ya Ellington ikatolewa katika jalada la gazeti la Time. Santuri ya Newport ikanunuliwa kuliko santuri zake zote. Mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa Newport mwaka ule.

Kuna kisa kimoja juu ya santuri hiyo ambacho wapenzi wa mitambo watakipenda. Gonsalves, kwa kufumba macho, alipigia kwenye maikrofoni isiyo yake. Ile ya kampuni ya santuri ilikuwa kando. Aliyoielekea ilikuwa ya redio ya Sauti ya Amerika. Basi katika santuri sauti yake inasikika kwa mbali. Tena siku mbili baadaye bendi iliingia studio, ikarudia sehemu nyingine za nyimbo za usiku ule, na makofi yakatiwa kwa ufundi. Kwa miaka arobaini watu walisikiliza mchanganyiko huo. Mwaka 1996 utepe wa redio ukapatikana, na mwaka 1999 ikatolewa sauti ya usiku wenyewe, na Gonsalves akasikika karibu kama mtu aliye chumbani. Mimi nimesikia zote mbili. Ile ya zamani ina uchafu wake, lakini ndiyo iliyowalipa mishahara.

Miaka iliyobaki alifanya kazi kama kijana. Mwaka 1965 kamati ya muziki ya tuzo ya Pulitzer ilipendekeza apewe heshima maalumu kwa kazi ya maisha yake. Wakubwa wa tuzo wakakataa, na wanakamati wawili wakajiuzulu kwa hasira. Duke, aliyekuwa na miaka 66, alifanya mzaha tu kwamba pengine majaliwa hayataki awe mashuhuri mapema mno. Heshima hiyo alipewa mwaka 1999, amekwisha kufa miaka 25. Mwaka huo huo wa 1965 akaanza kupiga muziki wa ibada makanisani, ambao yeye aliuthamini kuliko kazi zake zote.

Alikuwa ametunga nyimbo za Afrika kwa miaka mingi kabla ya kufika tamasha la sanaa za watu weusi lililofanywa Dakar, Senegal, mwaka 1966. Mwishoni mwa mwaka 1973, akiwa mgonjwa tayari, alifika Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie akampa nishani, akapiga na Zambia.

Tarehe 29 Aprili, 1969, alipotimiza miaka 70, Rais Nixon alimwita Ikulu akamvika Nishani ya Uhuru, iliyo kubwa kwa raia wa Marekani. Walioandika meza usiku ule walikuwa watu wa kazi ile ile ya baba yake.

Strayhorn alikufa mwaka 1967, na Hodges mwaka 1970. Duke aliwalilia, akatafuta wengine, akapanda tena jukwaani. Ugonjwa wa mapafu ukamlaza hospitali New York. Tarehe 15 Mei, 1974, Paul Gonsalves akafa London. Mercer akaona ni heri baba yake asiambiwe. Duke akafa tarehe 24 Mei bila kujua. Watu zaidi ya 12,000 walikuja kumzika katika kanisa kubwa la Mtakatifu Yohana, New York. Mercer akaichukua bendi.

Harry Carney, aliyeingia akiwa na miaka 17, alikuwa bado yumo. Miaka mingi Duke hakupanda basi pamoja na wengine. Alisafiri katika motokaa ya Carney, wawili tu, Carney akiendesha, Duke kando yake akisoma njia na kutunga. Carney alikufa tarehe 8 Oktoba, 1974, miezi minne na nusu baada yake.